Tulikwenda Lisbon kutembea, nikaikuta Kilwa

Alhamisi ile hakuna aliyekuwa na mpango wa kwenda popote. Tulikuwa wanne jikoni, nyumba ya kupanga mtaa wa Triana, Sevilla, kusini mwa Hispania: Mbrazili kutoka Salvador, Mpolandi wa masomo ya uchumi, dada wa Kikorea aliyekuwa akisomea uchoraji, na mimi mtoto wa Kilwa Masoko niliyefikishwa pale na mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja. Sufuria ya wali ilikuwa bado motoni. Mpolandi, macho kwenye simu, akasema kuna basi la Lisbon saa tano na nusu usiku, nafasi nne zipo, nauli haifiki euro 20. Kesho yake hatukuwa na vipindi. Mbrazili akazima jiko.

"Na wali je?" nikauliza.

"Twende nao," akajibu dada wa Kikorea, tayari kashika kifuniko.

Basi safari ikawa imepangwa. Mimi nimekulia nyumba ambayo kwenda Lindi tu huzungumzwa wiki nzima: nani atabaki na kuku, nani apelekewe salamu, kifungashio gani kichukuliwe, maana mkono mtupu haulambwi. Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Usiku ule niliondoka hivi hivi, na mkoba wenye shati mbili, mswaki na pasipoti.

Pasipoti ndiyo iliyonichelewesha mlangoni. Mpolandi yeye ni raia wa Umoja wa Ulaya, anatembea na kitambulisho cha kwao na imetosha. Mbrazili na Mkorea nchi zao haziombwi viza kwa matembezi mafupi. Mimi pasipoti yangu ya Tanzania inaombwa viza kila kona ya eneo la Schengen, na kilichoniruhusu kukwea basi lile ni kadi ya ukaazi ya Hispania: mwenye kadi hiyo na pasipoti hai anaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180. Kanuni hiyo nilikuwa naijua kwa moyo. Hata hivyo nilipapasa mfuko mara tatu kabla ya kufika kituoni, na basi lilipopita juu ya daraja la mto Guadiana, mpaka wa Hispania na Ureno, mimi nilikuwa macho, mkono kifuani juu ya karatasi zangu, wenzangu wakikoroma. Hakuna aliyetusimamisha. Saa ya simu ikarudi nyuma saa moja yenyewe, kwa sababu Ureno hawafuati saa za Hispania, nami nikabaki nikitazama giza hadi lilipoanza kukonda. Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu walioko masomoni Ulaya: rafiki akikwambia twende, nenda, ila karatasi zako ziwe mfukoni mwako, si kabatini.

Alfajiri tuliingia Lisbon kwa daraja refu linalokatiza mto Tejo pale unapopanuka kama bahari. Ukihesabu na sehemu zake za nchi kavu daraja hilo lina zaidi ya kilomita 17. Lilifunguliwa 1998, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini humo kuadhimisha miaka 500 ya safari ya kwenda India, na linaitwa Vasco da Gama. Tuliposhuka kituo cha Oriente, jengo la maduka lililo mbele yetu nalo linaitwa Vasco da Gama. Mnara ulio nyuma yake, Vasco da Gama. Kwetu jina hilo ni la kwenye mtihani: alifika mwaka gani, Mombasa walimpokeaje, Malindi walimpa nini. Unajibu, unapata alama, unasahau. Mombasa hawakumwamini, Malindi wakamkaribisha na kumpa rubani, na tarehe 20 Mei 1498 akafika pwani ya Calicut. Pale Oriente jina lile halikuwa la mtihani. Lilikuwa kwenye mifuko ya ununuzi.

Tulikula wali wetu wa baridi kwenye benchi, kisha tukatafuta pa kulala.

Nyumba ya wageni tuliyoipata ilikuwa juu kabisa ya mtaa wa Alfama, mtaa wenye jina la Kiarabu tangu enzi za Waislamu waliotawala mji ule hadi 1147. Vichochoro vyake vinapinda kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, nguo zimeanikwa dirishani, paka kila ngazi. Mama mwenye nyumba, mtu wa makamo, alitugawia matandiko huku akihesabu kwa Kireno. Akaweka kitu cheupe mkononi mwangu, akasema neno.

"Amesemaje?" nikamuuliza Mbrazili.

"*Fronha*. Hicho cha kuvalisha mto."

"Foronya!"

Nililisema kwa sauti kubwa hata mama akacheka, akadhani najifunza Kireno. Nami nilikuwa nasema Kiswahili cha bibi yangu, ambaye hajawahi kulalia mto usio na foronya. Tangu hapo ilikuwa mchezo. Mbrazili anagusa kitu, anakitaja. Mimi nakitaja kwa Kiswahili. *Mesa*, meza. *Copo*, kopo. *Bandeira* inapepea juu ya ngome ng'ambo, bendera. Sanduku la mbao kwenye kona, *caixa*, kasha. Kitambaa cha kichwani cha mama mwenye nyumba, *lenço*, na hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu leso ni neno ambalo ukilitaja kwetu unaona kwanza sura ya mama yako. Mpolandi alikuwa akiandika orodha nyuma ya risiti. Ilifika maneno kumi na nne kabla chai haijapoa.

Kisha tukatoka, na kwenye kona ya kwanza pana kibao chenye mshale: *igreja*. Kanisa. Mbrazili alilitamka polepole, i-gre-ja, na "j" yao ile laini inayokaribia "z". Nikamwomba alirudie. Neno hilo ndilo lililotupa gereza. Wajuzi wa lugha hueleza hivi: ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, watu wa pwani wakaiita ngome nzima kwa jina la kanisa, na ngome hizo zikaja kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Kilwa Kisiwani pia ngome ile iliyo ufukweni, ambayo Wareno waliianza 1505 na Waarabu wa Omani wakaijenga upya baadaye, hadi leo tunaiita Gereza. Nimepita mlangoni mwake nikiwa darasa la tano, tumevushwa na mashua kutoka Masoko, mwalimu akitusomea kibao. Sikujua kwamba nilikuwa nasoma neno la kanisa.

Mchana wa Ijumaa tulishuka uwanja wa São Domingos, karibu na Rossio. Hapo ndipo Waafrika wa Lisbon hukutana, wengi wao wa Guinea-Bissau, akina mama wameketi na kola na pilipili kwenye vitambaa. Kanisa la uwanjani liliungua 1959, nao wakaliezeka upya bila kuficha majeraha: nguzo zake zimebabuka, kuta zina rangi ya makaa. Niliamkia wazee kwa Kifaransa changu kibovu, wakaniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania mzee mmoja akaweka mkono kifuani, akasema: "Nyerere. Nachingwea." Nilisisimka. Nachingwea ni mkoani kwetu. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962, walifundishwa kambi ile, na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea ndivyo vilivyowachosha maofisa wa jeshi la Ureno wenyewe hata wakauangusha utawala wao tarehe 25 Aprili 1974. Miezi kumi na minne baadaye Msumbiji ilikuwa huru. Na kabla ya bunduki kulikuwa na wanafunzi: Amílcar Cabral na Agostinho Neto walisoma katika Ureno hii hii na kukutana kwenye Casa dos Estudantes do Império, nyumba ya wanafunzi wa makoloni iliyofunguliwa 1944, ambayo serikali iliifunga 1965 ilipotambua yaliyokuwa yakizungumzwa humo. Vijana wa nchi mbalimbali, jiko moja, mazungumzo ya usiku. Niliwatazama wenzangu watatu wakinunua kola wasiyoweza kuitafuna, nikawaza jinsi ambavyo mambo makubwa huanzia mahali padogo.

Jumamosi tukaenda Belém, magharibi ya mji, mahali ambapo meli za Vasco da Gama zilitwekea tanga tarehe 8 Julai 1497. Ipo pale monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe meupe lililochongwa kamba, matumbawe na majani hata unadhani limetoka baharini. Mfalme Manuel I aliamuru lijengwe mwanzoni mwa karne ya 16, na gharama yake kubwa ilitokana na ushuru wa asilimia tano kwenye mali iliyotoka Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango wa kanisa, yeye mwenyewe amelazwa juu ya jiwe, mikono imekutanishwa kwa sala. Watu walikuwa wakipiga picha. Nami nilipiga. Nje tukala vijikeki vya krimu ya mayai vinavyouzwa jirani ya monasteri tangu 1837, vya moto, vimenyunyizwa mdalasini. Ni vitamu kweli, na sikuweza kuacha kuufikiria mdalasini.

Tukiwa kwenye tramu ya kurudi mvua ikatushukia, mvua ya upepo wa bahari inayopiga kutoka ubavuni. Dada wa Kikorea akasema juu ya kilima kile kuna Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, ndani yake mna mchoro wa Hieronymus Bosch ambao mwalimu wake alimsimulia. Hakuna aliyekuwa na wazo bora. Tukaruka, tukapanda ngazi mbio, tukaingia tukichuruzika maji.

Yeye akaenda kwa Bosch wake. Mpolandi akafuata. Mimi na Mbrazili tulikuwa tunazurura tukijikausha, tukafika mbele ya kabati la kioo lililomulikwa taa, na ndani yake kimesimama kitu cha dhahabu.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waione na kuiabudu. Kimo chake ni sentimita 73, kimo cha mtoto anayesimama dede. Chini kina tako pana lenye maua na ndege wa rangi. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake na nywele zake, wadogo kuliko kidole changu, wameinua macho. Juu yao nguzo nyembamba zinapaa, zinagawanyika, zinakuwa kama kichaka cha dhahabu kilichosimamishwa na pumzi. Aliyekifua aliitwa Gil Vicente, na wapo wanaoamini kuwa ndiye yule yule mwandishi wa tamthilia. Sijawahi kuona kazi ya mkono iliyo nzuri kuliko ile. Nasema hivyo kwanza, kwa sababu ni haki ya fundi.

Kuzunguka tako kuna mkanda wa herufi. Mbrazili aliinama, akaanza kuzisoma moja moja, maana ni Kireno cha kale. Mfalme Manuel aliamuru... kifanywe... kwa dhahabu... Kisha akasimama. "Hili silijui," akasema. "QVILOA. Ni mahali?"

Niliziona herufi zenyewe kabla sijamjibu. Q, V, I, L, O, A.

"Ni kwetu," nikasema.

Maandishi yale yanasema kwamba chombo kimetengenezwa kwa dhahabu ya *parias* ya Kilwa, kikakamilika 1506. Mbrazili akanieleza: *parias* ni kodi ambayo mtawala hulipa kwa mtawala mwingine kama alama ya kukubali kwamba yuko chini yake. Hadithi yake ni hii. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu, safari hii na kundi kubwa la meli zenye mizinga. Akatia nanga Kilwa, akamtaka Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya Mfalme wa Ureno na alipe kila mwaka, la sivyo mji utateketezwa. Amiri akatoa dhahabu ya mithqali 1,500. Kwa mithqali ya gramu nne na robo, hiyo ni kilo sita na ushei. Dhahabu ile ilikuwa imetoka nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, ikapandishwa kwa majahazi hadi Kilwa, mji uliokuwa umeshika biashara hiyo kwa vizazi. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia 1331 akausifu kwa uzuri wake, wenye msikiti mkubwa wa kuba na jumba la Husuni Kubwa, unaofua sarafu zake wenyewe. Kulipa hakukuuokoa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na meli zake, akaupora, akajenga ile ngome. Mwaka uliofuata fundi wa Lisbon akamaliza mtume wa kumi na wawili.

Mwanangu wa Kilwa atakayesoma hapa naomba anielewe. Nimeyakanyaga magofu yale, nimekaa kivulini mwa mibuyu yake, nimeokota vigae vya sahani za Kichina mchangani na kuambiwa nivirudishe. Nimekua nikiamini kwamba dhahabu ya Kilwa ni hekaya, kitu cha zamani kilichotawanyika kama moshi. Kumbe haikutawanyika. Ipo. Imesimama, imetiwa taa, na jina letu limeandikwa juu yake na mtu aliyetaka lisomeke. Nilihisi fahari na uchungu kwa pamoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Wenzetu walitukuta pale. Mbrazili akawasimulia. Mpolandi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwao wizara ya utamaduni ina orodha ya kazi za sanaa zilizotoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili, zimetafutwa na bado zinatafutwa. Akaniuliza: "Nyinyi mna orodha?" Dada wa Kikorea akaeleza vitabu vya kifalme vya kwao, juzuu 297, ambavyo wanamaji wa Ufaransa walivichukua 1866. Vilirudi Seoul 2011, kwa mkopo unaofanywa upya kila miaka mitano. "Ni vyetu na tumekopeshwa," akasema.

Swali la orodha sikuwa na jibu lake. Jambo la chombo chenyewe nalo si rahisi: dhahabu ni ya Kilwa, kipaji ni cha Ureno, na kilichovifunganisha ni mizinga. Mimi siombi kivunjwe kioo. Lakini naona ni kosa kubwa kwamba mtoto anaweza kuzaliwa Kilwa, kusoma Kilwa, kufaulu somo la historia, asijue kwamba kitu hiki kipo. Natamani picha yake kubwa itundikwe pale mashua zinaposhusha wageni Kisiwani, na maelezo yawe kwa Kiswahili. Natamani kiwe na ukurasa wake kitabuni, pembeni ya ule wa 1498. Haya hayahitaji mkutano wa mabalozi. Na mimi nilihitaji Mpolandi mwenye simu, Mkorea mwenye hamu ya mchoro, Mbrazili mwenye kusoma herufi kuukuu, na mvua.

Dada wa Kikorea akaketi sakafuni, akafungua daftari lake, akaanza kukichora. Alichora kwa saa nzima. Mlinzi alimpita mara mbili, mara ya tatu akamsogezea kiti.

Jioni, kabla ya basi, nilimpigia bibi. Anatumia kitochi, picha haziwezi kufika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Uko wapi huko kunakovuma upepo?"

Nikamweleza. Nikamwambia dhahabu waliyoichukua Wareno kwetu nimeiona kwa macho yangu. Akanyamaza hata nikadhani salio limekwisha.

"Umeishika?"

"Haishikwi, bibi. Iko ndani ya kioo."

"Ukubwa wake?"

"Kama mtoto anayesimama dede."

"Na Kilwa wameiandika?"

"Wameiandika."

"Basi wanajua," akasema bibi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwenye basi la kurudi Sevilla, dada wa Kikorea alichana ukurasa wa daftari lake taratibu, akanipa. Mitume wote kumi na wawili walikuwemo, na chini, kwa mkono wake usiozoea herufi zetu, ameandika jina la Kilwa kama lilivyo kwenye dhahabu. Muhula ulipokwisha nikaondoka nao. Sasa umo ndani ya kasha la bibi, umekunjwa mara moja, umefungwa kwenye leso.